Saa Tisa za Kungoja Ndege

Tunu alikuwa na saa tisa za kungoja ndege ya pili, katika mji ambamo hakumjua mtu. Ili asikae bure uwanjani, akatoka, akaingia saluni ya karibu, akaomba asukwe apendeze. Upande mmoja ulikuwa umekwisha msusi alipomuuliza, "Kuna harusi huko uendako, dada?"

"Msiba. Mume wangu amefariki."

Mikono ya msusi ikatulia. "Pole. Mbona hukusema? Ningekusuka ule msuko wa twende kilioni, mistari michache tu, basi."

"Aliniacha miaka kumi na minane iliyopita, wala hakunipa talaka. Jana mke wake akanipigia simu. Akasema, njoo, dada, tukae eda pamoja." Tunu akajitazama kwenye kioo. "Sijui naingia nyumba ile kama nani."

"Utamlilia?"

"Hilo nimejiuliza njia nzima. Nikajikuta nawaza nguo ya kuvaa."

Msusi akashika kitana. "Sasa nifumue, au nimalizie?"

Tunu akapeleka mkono kichwani, akapapasa mistari iliyosukwa, kisha nywele zilizosimama, kisha akarudi tena kwenye mistari.