Bolti za Difu

"Nirudishie hizo ngoma za breki!" mama muuza vipuri alipiga kelele, akimkimbilia Lonnie katikati ya magari ya gulio la Pennsylvania.

Lonnie alizifungia kwenye buti la gari lake. "Mama, tumeshapatana. Kama bei imekuuma, tafuta mjinga mwingine."

"Mjinga ninaye hapa. Uliniambia gari ni la mwaka sitini na tisa, nikakupa ngoma za mwaka huo. Sasa nimeliona kwa nyuma. Hilo difu, gia ya ekseli ya nyuma, silo ambalo gari lilitoka nalo kiwandani."

"Matundu matano ya bolti za gurudumu yameoana na ngoma. Nimepima mwenyewe!"

Mama yule alilala chali kwenye nyasi mbichi na shati lake jeupe, akajisukuma chini ya gari. Lonnie alimsikia akihesabu bolti za mfuniko wa difu, kidole kikipita kwenye grisi. Alitarajia aishie kumi, kama difu la gari dogo. Akasikia kumi na moja, kisha kumi na mbili.

"Difu la gari la mizigo," sauti ilitoka chini. "Viatu vyake vya breki, vile vinavyobana ngoma kwa ndani, ni vipana. Ngoma zangu zingegoma kuingia, nawe ungevisaga viatu hadi ziingie. Nawajua nyinyi. Na breki zilizosagwa hivyo hufeli mteremkoni."

Msasa ulikuwa tayari mfukoni mwa Lonnie.

"Uliniambia kesho unateremka mlima na gari hili. Na nani?"

"Na mama yangu," Lonnie alisema taratibu. "Ndiye aliyelinunua likiwa jipya."

Mama yule alipotokeza, Lonnie alivua kofia yake mpya, akapiga magoti, akaanza kumfuta grisi kwa kofia hiyo, kidole kimoja kimoja.