Majani ya Kujifukiza

Kabla ya alfajiri kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga jikoni. Bi Zuhena akaipua maji ya majani, akampelekea jirani yake mgonjwa, Mzee Kiango. Akamfunika blanketi ajifukize, akiomba moyoni asiyatambue.

"Huu ni mkaratusi wa harufu ya ndimu," mzee akasema humo ndani, akihema. "Unanukia tu. Unaofungua kifua ni ndugu yake, ule wa majani ya kijivu."

"Ile wameikata yote, mzee wangu. Imekuwa nguzo za umeme."

Mvuke ukaisha, kifua kikaendelea kukoroma. Alipomfunua, midomo ilikuwa imegeuka myeusi kwa kukosa pumzi, lakini alikuwa anatabasamu.

"Basi leo nanukia kama bwana harusi. Kesho uje tena, dada."