Herufi Chini ya Kidole Gumba

Jumamosi mchana huko Mississippi, kambare wakikaangwa uani, Otha alipuliza kinanda chake cha mdomo, na gitaa la mjomba wake likagombana nacho mbele ya watu wote.

"Mjomba, masikio yamestaafu bila kukuaga?" mwanamke mmoja akatania. Watu wakacheka.

Mzee naye akacheka kidogo. Akagusa uzi mmoja, akautegea sikio, akakunja uso.

Otha, mtu mzima wa miaka arobaini, alikuwa na wiki tatu tu tangu aanze kujifunza. Alikuja na vinanda viwili mfukoni, kila kimoja na ufunguo wake wa muziki, herufi yake imechongwa kwenye bati la juu, na mjomba alimwambia mara nyingi: gitaa likipigwa kwa ufunguo wa E, wewe shika kinanda cha A. Sasa akatazama bati la kile alichokuwa akikipuliza, lililolowa mate na mafuta ya samaki. Lilikuwa limechongwa D.

Akaifunika ile herufi kwa kidole gumba.

"Mwanangu, umeshika cha A?" mjomba akamwuliza kwa sauti ya chini.

Watu walikuwa wakimtazama.

"Cha A, Mjomba."

"Basi ni mimi," mzee akasema, akaanza kuzilegeza nyuzi zilizokuwa sawa.