Michirizi ya Mgongoni

Michirizi ilikuwa mibichi. Mursinah aliiona mumewe alipovua shati akaoge: mistari myekundu iliyotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mbavuni, kama miba ya samaki.

"Nani amekukwangua?"

Darsono alisimama, taulo begani. "Niliingiwa na upepo, Mama Retno. Sasa sijambo."

"Sikukuuliza hali yako. Nimekuuliza nani."

Mzee aliingia bafuni, akasikika akijimwagia maji.

Pale mjini kwao Klaten hata mtoto anajua: upepo ukikuingia, shingo ikikaza na tumbo likichafuka, unapakwa mafuta kisha unakwanguliwa mgongo kwa ukingo wa sarafu mpaka ngozi iwe nyekundu. Na hakuna anayeweza kujikwangua mwenyewe. Unalala kifudifudi, unamwachia mwingine mgongo wako. Kazi hiyo ni ya mke. Mwanamke mwingine akiifanya, hajashika mgongo tu, ameshika nyumba.

Mursinah alikwenda kabatini, akafungua kopo la biskuti alimoweka sarafu ya fedha ya marehemu mama yake. Chupa ya mafuta ilikuwamo. Sarafu haikuwamo. Kumbe mwanamume hakutosheka kupeleka mgongo, kapeleka na sarafu ya mama mkwe!

Darsono alipotoka bafuni, Mursinah alimgeuza kwa nguvu akamkagua. Alikuwa amekwangua migongo ya ukoo mzima, kazi hiyo aliijua. Mistari ilianza kwa kukandamizwa, ikapindia upande wa kushoto.

"Ana shoto," alisema. "Huyo mwanamke wako anatumia mkono wa kushoto. Hata hakufunzwa kwao!"

Kwao Mursinah, mtoto aliyenyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani alifungwa mkono huo kwa kitambaa mpaka azoee wa kulia; hata yeye alifungwa. Mkono wa kushoto hautoi, haupokei, hauli mbele za watu. Na leo mwenye shoto anamwingilia nyumbani mwake!

Harufu ya kuungua ilitoka jikoni. Birika lilikuwa limekauka, chini peusi. Darsono alikwenda kuzima jiko. Wivu gani huu unaounguza mabirika!

Tumirah, muuza dawa za mitishamba, alipita na kapu lake mgongoni. Alikuwa mjane, mcheshi, na kiuno bado anacho. Mursinah akamwita, akaagiza glasi ya dawa ya manjano, macho yote kwenye mikono yake. Tumirah alimimina kwa mkono wa kulia.

"Mbona umemimina kwa kulia?"

"Ulitaka nimimine kwa mguu?" Tumirah alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Leo tena, dada?"

"Leo tena nini?"

"Basi tu. Kunywa, ingali moto."

Huyu anajua kitu, Mursinah aliwaza. Mtaa mzima unajua, mimi tu ndiye nisiyejua. Uchungu ulimpanda mpaka machozi yakamlenga.

Aliporudi ndani, alimkuta Darsono amevaa shati la batiki lililopigwa pasi, nywele kazilaza kwa maji.

"Unajipambia nani?"

"Tunakwenda zahanati. Vaa viatu, Mama Retno."

"Tunakwenda?"

"Mimi na wewe."

Alivaa upesi. Mwizi mwenyewe kamkaribisha pangoni, aache kwenda?

Zahanatini muuguzi alimchangamkia mzee. "Karibu tena mzee wetu, Pak Darsono!" Tena! Mursinah aliketi kwenye benchi. Mlango wa daktari ulikuwa wazi nusu. Ndani alikuwamo binti mzuri, shingo ndefu, kibao cha jina kimeandikwa Dokta Anindya. Alikuwa akiandika.

Alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto.

Kumbe si mjane wa mitishamba. Ni huyu msomi, mdogo kuliko binti yake Retno, anayeshika migongo ya waume za watu na kuita tiba.

"Bu Mursinah!" muuguzi aliita. "Zamu yako, mama."

Hata jina langu wanalo, aliwaza. Wamekwisha kunijadili. Aliinuka, akaingia mbele ya mumewe, hakungoja hata kukaribishwa kiti.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema. "Nimeiona michirizi. Nimeuona na mkono wako. Mwanamume huyu nimezeeka naye. Ukimtamani, ngoja kwanza nife!"

Daktari aliweka kalamu chini. Hakukasirika, wala hakuona haya, na hilo lilimchoma Mursinah zaidi.

"Pole, mama. Inauma sana," daktari alisema. "Huyo mwanamke alimkwanguaje? Hebu nionyeshe."

"Nikuonyeshe kazi yako mwenyewe?"

"Nionyeshe tu, mama."

Darsono alikuwa amekwisha kugeuka. Alipandisha batiki yake taratibu, akainama, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili kama mtu aliyezoea.

"Haya!" Mursinah alisema kwa hasira. "Tazama basi, usije ukakana!"

Alifungua fundo kwenye pembe ya mtandio wake, akatoa ile sarafu ya fedha, inanukia mafuta, akaitia kwenye mstari wa kwanza kwa mkono wa kushoto. Ilikaa sawasawa.

"Polepole, Mama Retno," Darsono alisema. "Jana ulinikandamiza sana."