Vipande Vitatu vya Ngozi

Josiane alikata kipande cha tatu cha ngozi, akakibandika chini ya kinara, akakisimamisha tena kando ya mlango wa kabati. Safari hii ncha ya tawi la katikati iligusa sawasawa ile alama ya kalamu aliyoichora mwezi wa nne. Akashusha pumzi. Akakizungushia shuka, akakipakata, akaanza kupanda kilima kwenda kwa dada yake.

Ilikuwa tarehe nane Desemba. Mji mzima wa Lyon ulikuwa unapanga vimishumaa madirishani kwa heshima ya Bikira Maria.

Vinara vilikuwa viwili, vya shaba ya kale, kila kimoja na matawi matano na majani ya mzabibu yaliyochongwa mpaka mishipa. Mama yao alipofariki, kila binti alichukua kimoja. Lakini alikuwa ameshawaapisha: hakuna kuuza, na kila tarehe nane vikutane juu ya rafu ya meko yake, katika nyumba anayoishi sasa dada mkubwa, viwashwe pamoja. Na kabla ya kuwasha, pima maji ya Baba, aliyekuwa seremala, ilazwe juu ya vyote viwili, kama Mama alivyofanya mwenyewe miaka yote. Tone la hewa ndani yake likikaa katikati, sawa. Likikimbilia upande mmoja, basi upande huo uko juu, na hawashi mtu.

Mwezi wa nne paa la Regine, dada mkubwa, lilianza kuvuja. Alimpigia Josiane simu analia.

"Ningekuwa na moyo wa kuuza kinara cha Mama nisingekusumbua, mdogo wangu. Lakini siwezi. Heri ninyeshewe."

Josiane hakuwa na akiba. Alikaa na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne alikipeleka kinara chake kwa mfua shaba, akitolee nakala.

"Itakuwa fupi kidogo," mzee huyo alimwonya. "Shaba ikipoa hupungua. Atoe nani, wapi, ni hivyo hivyo."

Kile cha Mama, baada ya kuchora kimo chake kwenye mlango wa kabati, akakipeleka dukani kwa muuza vitu vya kale. Mwenye duka akakunja uso: kimoja peke yake hakitafutwi, watu wanataka jozi wapambe sebule zao. Kisha akakizungusha mara mbili, akatazama rafu ya nyuma, akatabasamu, akalipa bila kubishana.

Fedha yote alimpa Regine ya kuezeka paa. Alimwambia ni akiba ya uzeeni.

Sasa Regine alifungua mlango, uso umeiva kwa jua, na huku nje baridi inauma.

"Tazama unavyokipakata! Kinanyonya?"

"Kimeshiba. Nipishe, kizito."

Kwenye ujia Josiane nusura ajikwae kwenye beseni. To. To. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka darini.

"Dada, fundi bado tu?"

"Mafundi wa mji huu huwajui? Anasema baada ya Noeli. Ingia, mkate wa lozi unapoa."

Kinara cha Regine kilikuwa tayari juu ya meko, upande wa kushoto, mishumaa imeshachomekwa. Josiane akasogea.

"Usikiguse, nimekifuta asubuhi."

Josiane akaweka chake kulia. Kwa macho vilikuwa pacha.

"Tuwashe basi," Regine alisema, kiberiti mkononi. "Hiyo pima maji tuiache mwaka huu. Sisi wenyewe tumeshapinda, vinara ndio vitanyooka?"

Josiane angeweza kucheka akakubali. Lakini miaka kumi na mmoja Regine ndiye aliyeishika pima maji kwa mikono miwili, kama padri na kikombe. Mbona leo? Ameshtukia, Josiane aliwaza. Ananitega. Nikikubali upesi nimejifunga mwenyewe. Na vile vipande vitatu alivipima mara mbili, aogope nini?

"Hapana, dada. Mama atatuona wahuni."

Akaitoa kwenye droo, akailaza juu ya matawi ya katikati, ncha moja kwake, ncha moja kwa dada yake. Wote wawili wakainama.

Tone la hewa likakimbilia kulia, upande wa Josiane, likabana huko, ingawa kinara chake kilifika kimo kile kile cha kale.

Kwenye ujia beseni liliita: to, to.

Josiane akaiondoa pima maji. Akakilaza kinara chake, akavibandua vile vipande vya ngozi, kimoja, cha pili, cha tatu, akavipanga mezani mbele ya dada yake. Akakirudisha kinara mahali pake, akailaza pima maji upya.

Tone likatembea polepole mpaka katikati, likatulia.