Mguu Mmoja Mbele ya Sinki

"Niachie, baba watoto."

Fundi viatu hakuachia. Tangu mkewe aanguke bafuni na kuvunjika nyonga, kila asubuhi alimshika kiuno kwa mikono miwili, naye mke akisimama kwa mguu mmoja mbele ya sinki la jikoni, kama walivyoelekezwa na daktari wa mazoezi.

"Na ukianguka tena je?"

"Siku usipokuwepo ndiyo nitaanguka. Niachie nizoee."

Akaachia kidole kimoja kimoja. Mkewe aliyumba, vidole vya mguu vikang'ang'ania sakafu, kisha akatulia wima peke yake.

"Moja," fundi alianza kuhesabu, mikono ikiwa tayari kumdaka. Alipofika saba, alisahau kuhesabu, akabaki akimtazama mkewe alivyosimama bila kushikwa.

"Mbona umenyamaza?" mkewe aliuliza, mguu ungali hewani. "Hesabu, bwana, mwenzio nachoka!"