Ratiba ya Jumanne

"Jumanne, saa nne: Hesabu." Mkaguzi wa elimu aliisoma ratiba kwenye friji, kisha akakitazama kiti kitupu. "Mwanafunzi yuko wapi, mama?"

Ratiba ile niliichora jana yake, kwa rula na rangi tatu, ili mkaguzi atuongezee muda wa kibali cha binti yangu kusomea nyumbani. Bronwyn mwenyewe hakuwahi hata kuiona.

"Msichana wa miaka kumi na sita asiyefuata saa," akasema huku akiandika kwenye fomu mapajani, "afadhali arudi shule ya bweni kule mjini Dubbo."

Mlango ukapigwa teke. Bronwyn akaingia, damu hadi viwikoni, amembeba ndani ya koti lake mwanakondoo aliyelowa chapachapa, bado anafuka mvuke.

"Huyu katanguliza matako," akasema akihema. "Nimemsukuma ndani, nikaitafuta miguu ya nyuma, nikawa navuta kila mama yake anapojikaza."

"Biolojia ni Alhamisi," mkaguzi akasema.

"Kamwambie kondoo, bwana!" Akamtua mwanakondoo mapajani kwa mkaguzi, juu ya ile fomu. "Nishikie. Pacha wake bado yumo tumboni." Akatoka mbio kurudi zizini.

Kalamu ilibingirika chini ya meza. Mwanakondoo alikuwa kimya, ulimi nje.

Niliibandua ratiba, nikaitia kwenye moto wa jiko la kuni. Mkaguzi akanikodolea macho, mikono yake imejaa ute na damu.

"Msugue mbavu kwanza, apumue," nikamwambia. "Halafu andika ulichokiona."